Punje za shayiri kusinyaa: joto au vinasaba?

Ndugu, unauliza kama punje chotara za shayiri yako hapo Ilemela zimesinyaa kwa joto la Mwanza au kwa vinasaba. Usikisie, pima. Kwenye mche uleule acha suke moja lijichavushe, ulifunike kwa mfuko wa karatasi kama yale uliyochavusha kwa mkono. Nalo likisinyaa, tatizo ni mazingira: joto likizidi nyuzi 30 chavua hudhoofika na punje huacha kujaa mapema. Sogeza chungu penye kivuli chepesi mchana, na udongo usikauke.

Likijaa vizuri, angalia mzazi. Kama baba ni Hordeum bulbosum (shayiri pori), hakuna mbolea itakayokuokoa! Endospermu (akiba ya chakula ndani ya punje) huharibika mapema, na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) za bulbosum hupotea ndani ya kiinitete (mche mchanga ulio ndani ya punje). Kitoe kiinitete karibu siku ya 14 baada ya kuchavusha, ukikuze kwenye agari (jeli ya kukuzia) yenye sukari na madini, vyombo vyote vikiwa vimetakaswa. Mche utakuwa na kromosomu 7 badala ya 14, hivyo utakuwa tasa mpaka uzirudufu kwa kemikali ya kolchisini (vaa glavu, ni sumu kali).

Shayiri kwa shayiri ya kawaida? Punje kuwa ndogo kidogo si ajabu, maana ulikata ganda ulipohasi ua (kuondoa sehemu zake za kiume).