Apende kabla ya arobaini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Naishi Mwanga, Kigoma, naandika riwaya ya vijana. Mhusika wangu Zaina ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Kaka yake amezama ziwani usiku wa upepo akivua dagaa. Siku za msiba anaanza kumpenda Hamisi, wa miaka 17, aliyekuwa mtumbwi mmoja na marehemu akaokolewa. Rafiki aliyesoma sura nilizokutumia anasema huko ni kukosa adabu, penzi lisubiri arobaini ipite. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilisogeze. Arobaini ni ya wazee waliokaa mkekani, na ni haki yao. Moyo wa mtoto hauna kalenda hiyo. Nimefundisha sekondari Ujiji miaka mingi. Nimewaona wanafunzi waliofiwa wakilia asubuhi, mchana wanacheka na wenzao, halafu wanajiinamia kwa aibu ya kucheka. Aibu hiyo ndiyo riwaya yako.

Kinachonisumbua ni kingine. Zaina analia kurasa nzima, Hamisi anatokea, machozi yanakauka. Hamisi si dawa! Naye kafiwa, tena aliyameza maji yale yale. Akipita mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kina mama wanamtazama kama wanaomuuliza mbona yeye karudi. Na Zaina anamtaka kwa sababu ipi? Anampenda yeye, au anampenda mtu wa mwisho kumwona kaka yake? Usimjibie msomaji mapema. Mwache Zaina mwenyewe asijue.

Barua zile chini ya mwembe zitoe, wapeleke mwalo wa Kibirizi kwenye kazi. Dagaa wameanikwa, wingu jeusi linashuka, watu wote wanakimbilia kuanua. Hamisi anashika upande wa pili wa turubai bila kuitwa. Anateleza, dagaa wanamwagika, Zaina anacheka kwa sauti. Kisha anasikia kicheko chake mwenyewe. Andika hapo taratibu: magamba yaliyoganda viganjani, mama yake aliyegeuka kutazama, Hamisi anayeokota dagaa mmoja mmoja asiinue uso. Wasishikane hata mkono. Ni watoto wa shule, na penzi la kwanza la umri huo lina mengi ya kusema bila hayo.

Ziwa pia likusaidie kupanga siku. Unajua wewe kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika. Basi usiku wa giza Zaina halali, anasikiliza injini zikitoka. Usiku wa mwezi Hamisi yuko nchi kavu. Hofu na hamu zitapishana zenyewe, huna haja ya kuandika "siku zikapita". Ukitaka kipindi kirefu zaidi, weka kisa mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu Hamisi hana pa kukimbilia, atakutana na mama wa marehemu kila siku sokoni. Mimi ningechagua hicho.

Rafiki yako usimpuuze lakini. Maneno yake mpe shangazi wa Zaina, ayaseme ndani ya kitabu kwa mapenzi na kwa ukali, tena awe na hoja nzito. Sura ya mwaloni ukishaiandika upya, nitumie niisome.