Kipande cha 12 hakiingii: dodekahedroni ya mbao inayokataa kufunga

SWALI: Habari mkuu. Nina karakana ndogo Mwanza, nafanya zaidi makabati na milango. Nimepata oda ya hoteli moja Zanzibar, wanataka kitu cha mbao chenye nyuso 12 za pembetano, dodekahedroni, kining'inie pale mapokezi. Kila upande sentimita 20, mbao ni mninga wa unene wa milimita 20. Nimelaza diski ya msumeno digrii 31.7 kama nilivyoona mtandaoni, vipande 11 vimekaa ila cha 12 kimegoma, upande mmoja kimebana, mwingine kuna upenyo wa milimita 4. Mbao nyingi imeshapotea. Tatizo ni digrii? Na mninga unafaa au nibadilishe?

JIBU: Nimekusoma mkuu, na kwanza nikutoe wasiwasi, digrii yako iko sawa. Kwenye dodekahedroni uso na uso vinakutana kwa digrii 116.57, ukitoa hiyo kwenye 180 halafu ukagawa kwa mbili kwa sababu kila kipande kinabeba nusu yake, unapata 31.72. Kwa hiyo hapo usihangaike sana. Mi nadhani tatizo lako ni vipande kutolingana, na nasema hivyo kwa sababu ya huo upenyo wako ulivyokaa. Kama diski ingekuwa imelala vibaya ungeona kasoro ileile kwenye maungio yote 30. Ukilaza pungufu, mbao zinagusana ndani kwanza na nje panabaki mstari wazi kila mahali, ukilaza kuzidi, nje panafunga vizuri na uwazi unajificha ndani. Wewe umebana upande mmoja na umeachia mwingine, hiyo ni vipimo kutofautiana, sio mlalo.

Na hapo kuna siri moja ya kazi hizi, ukishindwa kupata 31.72 kamili bora uende 32 kuliko 31.5. Kwa mbao ya milimita 20, ukizidisha nusu digrii kila kipande, uwazi utakaobaki ndani hata nusu milimita haufiki na hakuna mtu atakayeuona. Ukipunguza nusu digrii, uwazi huohuo uko nje na mteja anausoma akiwa mlangoni.

Sasa milimita 4 zimetoka wapi. Ukiunga vipande sita, kimoja katikati na vitano kukizunguka, unapata bakuli, na mdomo wa hilo bakuli una kingo 10 zinazopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Bakuli la pili linaingia kwenye meno hayohayo. Kila kipande kikizidi nusu milimita tu, kuzunguka kingo 10 umeshafika milimita 5, na kosa lote linaenda kujikusanya kwenye kipande cha mwisho maana vile 11 vya mwanzo vilikuwa na nafasi ya kuachia kidogo kidogo. Na kwa kuwa mdomo ni wa meno huwezi kulala na msasa kwenye meza ukausawazisha kama unavyofanya kwenye oktahedroni (hiyo ya pembetatu 8, nusu yake ni piramidi yenye kitako cha mraba, unaisugua flati mambo yanaisha). Dodekahedroni haikupi huo msamaha.

Kitu kingine ambacho mafundi wengi wa makabati hawakitegemei, pembetano inaweza kuwa na pande tano sawa kabisa na bado ikawa imelala. Pembetatu ukishajua pande zake tatu umemaliza, haigeuki, lakini pande tano zinaweza kujikunja huku na huku kama fremu isiyo na kiegemeo. Kwa hiyo usipime pande peke yake, pima pia kutoka kona moja mpaka kona ya mbali, zipo tano za hivyo kwenye kila kipande na zote lazima zisome sawa. Ni urefu wa upande mara 1.618. Kwa upande wa 200 ni milimita 323.6. Chukua vipande vyako pima leo, nina hakika utakuta kuna vinavyosoma 322 na vingine 325.

Usivitupe lakini. Kama bado hujaweka gundi, tafuta kidogo kuliko vyote na vyote vikatwe upya kwa kipimo chake. Kama umeshagandisha, pita na msumeno mwembamba kwenye maungio, vitenganishe, utapoteza milimita chache kila ukingo, halafu shuka mpaka 190. Ongea na hoteli kwanza maana ni oda yao, ila kitu kikiwa juu ya dari sentimita moja haionekani. Kwa 190 namba zako mpya ni hizi, kona mpaka kona ya mbali 307.4, kutoka katikati ya uso mpaka katikati ya ukingo wa nje 130.8, na upande wa ndani, baada ya mlalo kula mbao, usome 172. Hiyo 172 ishike sana, inakupima urefu na mlalo kwa mpigo mmoja.

Jinsi ya kukata ili vyote vitoke sawa: usimpimie kila kipande peke yake, tengeneza kiolezo kimoja na kiolezo ndicho kifanye kazi. Chukua plaiwudi ya milimita 9, chora pembetano ya upande kama 150 hivi, ikate na kuipiga randa taratibu mpaka vile vipimo vitano vya kona mpaka kona visome sawa, hapa tumia hata siku nzima, ni hapa peke yake unapotakiwa kuwa mbishi. Toboa tundu katikati kabisa. Kila kipande cha mbao (kiwe kimeshakatwa kikubwa kidogo) unakifunga kwenye kiolezo kwa skrubu mbili fupi, upande utakaokuwa ndani, huko nani ataona tundu. Halafu unatengeneza kitoroli kinachoteleza kwenye mfereji wa msumeno wa meza, unapigilia msumari uliokatwa kichwa utokeze kidogo, tundu la kiolezo linakaa hapo. Pembeni yake unapigilia kipande cha mbao kiwe kizuizi, ukingo wa kiolezo uegemee. Unakata, unazungusha kiolezo mpaka ukingo unaofuata uegemee kizuizi, unakata tena, mara tano. Umbali wa msumari na diski haubadiliki kwa hiyo vipande 12 vinatoka mapacha hata kama mkono wako umechoka. Jaribu kwanza kwenye mbao mbovu, sogeza msumari mpaka nje pasome 190 na ndani 172, ndo uguse mninga.

Diski iwe imelalia nje, kuelekea kule kwenye taka, ili uso wa ndani ulioko chini utoke mdogo. Na tafadhali sana, kile kipande cha taka kisibanwe kati ya diski na fensi (ule ukingo wa kuongozea mbao mezani), toa fensi kabisa, maana kikibanwa kitarushwa na kinarushwa kwa nguvu, kazi hii ina mikato 60, usizoee.

Kuhusu kusoma digrii, ile namba iliyochapwa kwenye mashine usiiamini, hasa hizi mashine za bei nafuu. Ukiwa na kile kipimio cha dijitali chenye sumaku, kisifiri kwanza juu ya meza halafu kibandike kwenye diski. Huna, hamna shida, kuna njia ya zamani na mi naipenda zaidi. Chora kwenye plaiwudi pembetatu yenye kona mraba, upande mmoja 500, mwingine 309, kata, isimamishe mezani kwa ule upande wa 309 na diski ilale iguse ule mstari mrefu wa mshazari bila mwanga kupita. Hiyo ndo 31.72 yenyewe, kwa sababu 309 kwa 500 ni 0.618, na 1 ukigawa kwa 1.618 unapata hiyohiyo 0.618. Namba iliyokupa kona mpaka kona ya pembetano, ile 1.618, ndiyo inayokupa mlalo. Waliojaribu maumbo mengine watumie njia hiyohiyo, oktahedroni ni 500 kwa 353.5 (digrii 35.26), ikosahedroni yenye pembetatu 20 ni 500 kwa 191 (digrii 20.9). Tetrahedroni yenye pembetatu 4 inataka 54.74 na misumeno mingi ya meza inaishia 45, pale unasimamisha kipande wima na kulaza diski 35.26.

Kwenye kuunga, panga vipande sita uso wa nje ukiangalia juu, kimoja katikati na vitano kingo zake zikigusana nacho, piga selotepu pana kwenye kila mguso, pindua, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye mifereji, halafu inua vile vitano, bakuli linajikunja lenyewe na selotepu ndiyo bawaba na ndiyo klempu. Kingo zenye mbao ya kichwa (pale nyuzi zilipokatwa) zinanyonya gundi, zipake mara ya kwanza nyembamba, subiri dakika chache, paka tena. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mkanda, unabana pande zote sawa kuliko klempu yoyote ya chuma, maana klempu haina pa kushika kwenye umbo hili. Kabla ya gundi yoyote unganisha kila kitu kikavu, vyote 12, kwa selotepu tu. Usipofanya hivyo utarudi kuniandikia tena. Bakuli mbili zikishakauka unazikutanisha, meno yakigongana mahali, patasi kali na uvumilivu.

Mninga sasa. Mninga ni mbao nzuri kwa kazi hii, ni katika zile ambazo hazichezi sana, na rangi yake hoteli wanaipenda. Shida ni umbo lenyewe. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu karibu haisogei kabisa. Kwenye kabati unaacha paneli icheze ndani ya fremu, lakini hapa umefunga pembetano 12 na kila moja nyuzi zake zinaelekea kwake, moja inataka kutanuka hivi jirani yake hataki, matokeo yake maungio yanafunguka. Uso wa upana wa sentimita 30 unaweza kubadilika milimita moja na zaidi ukitoka hewa yenye unyevu ukaingia kwenye easii (kiyoyozi) inayowaka mchana na usiku. Hewa ya Zanzibar ina unyevu mwingi kuliko kwenu, kwa hiyo waulize hoteli swali moja, hayo mapokezi ni ya wazi au yana easii? Ya wazi, mbao iache ikae na hewa ya pwani wiki kadhaa kabla ya kukata, kama una mtu huko. Ya easii, mbao lazima iwe imekaushwa vizuri kwenye tanuri, sio ile ya kuanikwa uani.

Ila ingekuwa oda yangu, nyuso za mbao nzima nisingefanya. Ningefanya kila pembetano kama fremu ya picha, vipande vitano vya upana wa milimita 40, kila kichwa kikatwe digrii 36 kutoka mraba, katikati wazi. Nyuzi zinakimbia na kingo, kwa hiyo kwa urefu hakuna kinachosogea, unyevu uje uende. Uzito unapungua kama nusu, mbao nzima ya upande 190 itakuwa kilo 8 au 9 hivi, na unaweza kuning'iniza taa ndani ambayo ukutani itapiga vivuli vya kila aina. Wazo la mifupa mitupu ni la zamani, Leonardo da Vinci alichora maumbo haya kwa ajili ya kitabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venice mwaka 1509, kila umbo akalichora mara mbili, limeziba na likiwa wazi, tena yananing'inia kwenye kamba. Vipande vyako vya sasa vinatosha kukatwa katikati vikawa fremu? Hapana, nyuzi zingebaki zinaelekea upande mmoja, bora uvichane vipande vya 40 uanze navyo. Na kama hoteli inang'ang'ania nyuso zilizozibwa, tumia marini bodi (plaiwudi ya kuvumilia maji) ya milimita 18 yenye vinia ya mninga, tabaka za bodi zinajificha ndani ya mlalo zenyewe.

Ukiziba kabisa acha tundu dogo la milimita 3 hewa iingie na kutoka, lifiche pale kwenye kamba. Msasa fanya kabla ya kuunga, ukisugua baadaye utaviringisha kingo na umbo zima litaonekana limechoka, kwenye maumbo haya kingo kali ndizo zinazouza. Vanishi matabaka membamba, ya ndani pia, tena ndani kabla ya kufunga.

Kuning'iniza, usitundike kutoka uso mmoja uliobandikwa gundi, uzito wote utavuta ungio moja. Pitisha waya wa chuma tangu kona ya chini hadi kona ya juu inayotazamana nayo, chini weka washa kubwa na nati, mbao ikalie hiyo washa. Kwenye dari shika boriti au zege, jipsamu isishike chochote. Ukishapima kona mpaka kona, zile tano za kila kipande, nitumie namba, tuone kama kuna haja ya kushuka mpaka 190 au 195 inatosha.