Swali la lugha: Je, Stokes ni "bora zaidi kuliko" Botham?

Msomaji wa Mombasa ameandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu ni wapenzi wa kriketi. Juzi niliandika makala fupi ya kumlinganisha Ben Stokes na wakongwe waliokuwa hodari wa kupiga na kurusha pia, yaani Ian Botham, Imran Khan, Jacques Kallis na Garry Sobers. Niliandika: 'Stokes ni bora zaidi kuliko Botham. Mikimbio yake ni mingi kuliko Botham. Lakini Sobers ndiye mchezaji bora wa muda wote.' Rafiki yangu ameikosoa, anasema 'zaidi' na 'kuliko' hazikai sentensi moja. Anasema kweli? Na mchezaji wa namna hii tunaweza kumwita kiraka?"

Marahaba. Rafiki yako ana jicho kali, ila amelielekeza pasipo. Sentensi aliyoishikia bango haina kosa la sarufi. Iliyoharibika ni ya pili, na hiyo tunaikuta magazetini kila wiki bila mtu kushtuka.

Tuanze na hilo lililowagombanisha. Kivumishi cha Kiswahili hakina umbo maalumu la ulinganishi. Ukiwasimamisha watu wawili ukauliza "Mrefu nani?", umekwisha walinganisha bila kuongeza kitu. Ukitaka kumtaja yule anayelinganishwa naye, ndipo unapoleta "kuliko". Neno hili lina "ku", lina "li" ya kuwepo, na lina "ko" ya mahali. Asili yake ni kama kusema "ukitazama kule aliko". Kwa hiyo "bora kuliko Botham" inajitosheleza. "Zaidi" ukilitia hapo linakaza tu, na kukaza si kosa. Wazungumzaji wazuri wamesema "bora zaidi kuliko" miaka mingi na hakuna aliyewaelewa vibaya. Mimi nikihariri hulifuta, kwa sababu ya uchoyo wa nafasi, si kwa sababu ya sarufi.

Kuna mahali ambapo silifuti kabisa: baada ya kitenzi. "Kallis alidumu zaidi kuliko Sobers" imekaa vizuri. Ukiondoa "zaidi" inabaki "Kallis alidumu kuliko Sobers", na msomaji anasubiri neno ambalo haliji. Kitenzi, tofauti na kivumishi, hakina kiwango ndani yake, kwa hiyo kinahitaji msaada. Na kweli alidumu: mechi za testi, yaani zile za kimataifa za siku kadhaa, 166 kwa 93 za Sobers.

Sasa sentensi ya pili. "Mikimbio yake ni mingi kuliko Botham." Umeweka mikimbio, yaani alama za kupiga, upande mmoja wa mizani na mtu mzima upande wa pili. Mikimbio hulinganishwa na mikimbio: "Mikimbio yake ni mingi kuliko ya Botham." Hiyo "ya" ndogo ndiyo inayobeba nomino isiyorudiwa, na inabadilika kufuata ngeli. Wiketi, yaani wapigaji aliowatoa mrushaji: "Wiketi za Botham, 383, ni nyingi kuliko za Stokes." Wastani: "Wastani wa Imran ni bora kuliko wa Botham." Ukiona inakutatiza, irudishe nomino yenyewe uisikilize. "Mikimbio ya Stokes ni mingi kuliko mikimbio ya Botham" ni ndefu, lakini inakuonyesha kilichoachwa. Wengine huweka "ile ya Botham". Nayo ni sawa, ila "ile" huwa haina kazi kubwa.

Na hapo kwenye wastani nisimame kidogo, maana ndipo waandishi wa kriketi wanapowapoteza wasomaji wao. Katika kupiga, wastani ni mikimbio anayopata mpigaji kwa kila mara anayotolewa, kwa hiyo mkubwa ndio mzuri. Katika kurusha ni kinyume: wastani ni mikimbio aliyotoa mrushaji kwa kila wiketi, kwa hiyo mdogo ndio mzuri. Botham alimaliza na wastani wa 33.54 kwa kupiga na 28.40 kwa kurusha. Imran alimaliza na 37.69 na 22.81. Ukiandika "Imran ana wastani wa juu kuliko wa Botham" umesema kweli kwenye kupiga. Kwenye kurusha hatujui kama "wa juu" ni namba kubwa au ni sifa. Andika "mkubwa" na "mdogo" unapotaja namba, kisha "bora" au "mzuri" unapotoa hukumu. Usichanganye.

Wapenzi wa takwimu wana kipimo kimoja kwa wachezaji wa aina hii: unachukua wastani wa kupiga, unaondoa wa kurusha, unatazama kinachobaki. Sobers, 57.78 toa 34.03, anabakiwa na 23.75. Kallis, 55.37 toa 32.65, anabakiwa na 22.72. Imran 14.88. Botham 5.14. Ukiitazama safu hiyo peke yake, Botham ni cha mtoto kwa Sobers. Lakini kipimo hiki kinawapendelea wapigaji wakubwa waliorusha vizuri, na hakijui kwamba Botham alikuwa na wiketi 383 katika mechi 102 na Sobers 235 katika mechi 93. Ndiyo maana Kiswahili kizuri cha kulinganisha hakikubali kuachwa bila kipimo. "Stokes ni bora kuliko Botham" ni kelele za kijiweni mpaka useme katika nini.

Vitenzi vinalifanya jambo hilo vizuri kuliko "kuliko" yenyewe. Chukua "kuzidi". Stokes amevuka mikimbio 7,000; Botham aliishia 5,200. "Stokes amemzidi Botham mikimbio, Botham amemzidi Stokes wiketi." Sentensi moja, vipimo viwili, hakuna aliyedhulumiwa. Angalia kwamba sikuweka "kwa". Ukiweka "kwa" msomaji anategemea kiasi cha tofauti: "amemzidi kwa mikimbio zaidi ya 1,800". Wapo wanaosema "amemzidi kwa mikimbio" bila namba, nami siiti kosa, ila ninaiona sentensi iliyoachwa njiani.

"Kushinda" kunataka pambano. Stokes alizaliwa mwaka 1991, Botham akacheza testi yake ya mwisho mwaka 1992. Hawakuwahi kukutana uwanjani. Kusema "Stokes amemshinda Botham" inakubalika katika mazungumzo, ambapo "kushinda" ni "kupita" tu, lakini katika makala ya michezo, ambamo kila aya ina aliyeshinda na aliyeshindwa kikweli, inachanganya. Iache kwa mambo kama yale ya Pune mwaka 1996, Kombe la Dunia, Kenya ilipopata mikimbio 166 na kuwatoa West Indies wote kwa 93, Maurice Odumbe akichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Kenya iliwashinda kwa mikimbio 73. Hapo neno limekaa mahali pake, na kwa Mkenya linaandikwa kwa raha.

"Kumpiku" nako kunatumiwa ovyo. Kupiku ni kumwondoa mtu mahali alipokuwa amekaa. Sobers alipiga 365 bila kutolewa kule Kingston mwaka 1958 dhidi ya Pakistan, na namba hiyo ikabaki rekodi ya mpigaji mmoja katika zamu moja ya testi mpaka 1994, Brian Lara alipopata 375 huko Antigua, na Sobers mwenyewe akaingia uwanjani kumpongeza. Lara alimpiku Sobers: sawasawa. Lakini "Stokes amempiku Botham" kwa ujumla wake haina kiti kinachogombaniwa. Amempiku wapi? "Kufikia" lina upole zaidi, na umbo lake la kukana ni kali kuliko watu wanavyodhani. "Stokes si bora kuliko Botham" inaacha mlango wazi kwamba wako sawa. "Stokes hamfikii Botham" imeufunga. "Hafui dafu mbele ya Botham" imeufunga na kutia kufuli, na hiyo mimi ningeiacha kwa watangazaji.

Mahali pengine pa kujikwaa ni "zaidi ya". Ina maana mbili. "Zaidi ya wiketi 200" ni kupita 200. Lakini "Zaidi ya Sobers na Kallis, hakuna aliyewahi kufikisha mikimbio 7,000 na wiketi 200 katika testi mpaka Stokes, Old Trafford, Julai 2025" ina maana ya "mbali na". Zikikutana zote mbili katika sentensi moja, kama nilivyoona mahali, msomaji huisoma mara tatu. Tumia "mbali na" kwa hiyo ya pili. Na "mara mbili zaidi ya" iepuke kabisa: wengine wanaisoma mara mbili, wengine mara tatu. Sobers alipata mikimbio 8,032, Imran 3,807. "Mikimbio ya Sobers inapita mara mbili ya ile ya Imran" haina utata. Na hapa, nakiri kwa furaha, "ile" imepata kazi.

Hukuuliza kuhusu nyakati, lakini makala yako inazigusa. Botham yu hai, alizaliwa 1955. "Stokes ni bora kuliko Botham" kwa mtu mkorofi ina maana ya leo hii, mzee wa watu akiwa amevaa koti lake kwenye jukwaa. Anayelinganishwa ni yule mchezaji wa 1981. Kiswahili kina kifaa chake: "kuliko alivyokuwa Botham", "kuliko alivyorusha Imran". Hiyo "vyo" inakurudisha kwenye enzi yao bila kuhitaji "katika kilele cha uwezo wake" na maneno mengine ya kujaza ukurasa.

Umeandika "kumlinganisha" nikafurahi, kwa sababu wengi wangeandika "kumfananisha". Kufananisha ni kusema viwili vinashabihiana. Kulinganisha ni kuvipima, na matokeo yanaweza kuwa kwamba havishabihiani hata kidogo. Kazi ya maisha ya Stokes na ya Botham huwa inalinganishwa. Lakini zipo siku mbili zinazostahili kufananishwa: Headingley 1981, Botham alipopata 149 bila kutolewa na England ikawageuzia Australia mechi iliyokwisha kupotea, ikashinda kwa mikimbio 18, na Headingley 2019, uwanja uleule, wapinzani walewale, Stokes akapata 135 bila kutolewa. England ilikuwa imetolewa kwa 67 katika ingwe (zamu ya kupiga) ya kwanza, ikahitaji 359, na zile 76 za mwisho zilipatikana akiwa na Jack Leach, ambaye mchango wake ulikuwa mkimbio mmoja tu. Hapo andika "kufananisha" bila woga.

Sentensi yako ya tatu sasa. "Mchezaji bora wa muda wote" si kosa la sarufi. Ni nguo ya kuazima. Tumeichukua nzimanzima kutoka Kiingereza, na masikioni mwangu inasema mtu huyo ni bora asubuhi, mchana na jioni. Tulikuwa na namna zetu, na bado zinafanya kazi: "Hajapata kutokea kama Sobers." "Hajatokea mfano wake." Zinakupa na nafasi ya kutaja kipimo: "Katika kupiga na kurusha pamoja, hajapata kutokea kama Sobers." Mwenye kumpenda Kallis, kwa mikimbio yake 13,289 na wiketi 292 na mipira 200 aliyodaka, atakujibu, lakini atajua anajibu nini. Nikiulizwa mimi nitabaki na Sobers, na tuyaache hapo.

Makala yako basi ningeiandika hivi: "Stokes amemzidi Botham mikimbio, ila wiketi za Botham ni nyingi kuliko zake. Lakini kwa kupiga na kurusha pamoja, hajapata kutokea kama Sobers."

Na kiraka? Katika soka kiraka ni mchezaji wa kuziba pengo: leo beki wa kulia, kesho kiungo, kadiri kocha alivyopungukiwa. Imran hakuwa akiziba pengo la mtu. Alikuwa mrushaji wa kwanza wa timu na mpigaji wa kutegemewa, zote mbili kwa haki yake. Uwanjani wengi husema tu "olraunda", na ukiandika "hodari wa kupiga na kurusha" utaeleweka na asiyeujua mchezo. Ila kwa Sobers nitakulegezea. Timu ikikosa mrushaji wa kasi, alishika mpira mpya yeye. Ikikosa wa kuzungusha mpira, alizungusha, tena kwa mitindo miwili tofauti. Kwenye kurusha peke yake, ukimwita kiraka sitakufutia.