Je, kitambaa cha China kikipitia nchi jirani kinaukwepa ushuru mpya?

Swali: Ninauza vitambaa vya jora Kariakoo, na mzigo wangu hutoka Guangzhou. Kila bajeti inapokaribia tunasikia kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinajadiliana kupandisha ushuru wa nguo kwa kuwa zinaingia kwa wingi mno. Mzigo wa safari hii nimeshaulipia. Je, nitatozwa kiwango cha zamani? Wakala wangu ananiambia nisihangaike, upitishwe nchi jirani, ubadilishwe lebo na upatiwe cheti cha uasili, yaani hati ya kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, uingie bila ushuru kama bidhaa ya Jumuiya.

Jibu: Kulipia mapema hakukulindi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kinachohesabika ni kiwango kilichopo siku unapowasilisha tamko la kuingiza bidhaa kwa matumizi ya ndani, na ukiliwasilisha kabla meli haijafika, ni kiwango cha siku mzigo unapoingia nchini. Mabadiliko ya kila mwaka hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Jumuiya na huanza kutumika tarehe 1 Julai. Meli ikitia nanga tarehe 2, oda ya Machi haina la kukusaidia. Wazungu walilionja hilo mwaka 2005, pale Peter Mandelson wa Umoja wa Ulaya na Bo Xilai wa China walipokubaliana mjini Shanghai, tarehe 10 Juni, kuweka ukomo wa kiasi cha nguo za China za aina 10 kinachoingia Ulaya, na miezi miwili baadaye mamilioni ya sweta, suruali na sidiria zilizokwisha kulipiwa yakawa yamekwama bandarini hadi pande hizo mbili zilipokutana tena Beijing mwezi Septemba.

Sasa huyo wakala. Nimechoka kulisikia shauri hili, na wanaolitoa hulitamka kana kwamba ni elimu. Uasili wa kitambaa hautokani na bandari kilikopitia wala karatasi kilimofungiwa. Kanuni za uasili za Jumuiya zinasema wazi kwamba kufungasha upya, kubandika lebo au kukata tu hakuifanyi bidhaa kuwa ya nchi mwanachama. Niliwahi kusimama kwenye ukaguzi wa kontena ambalo nyaraka zake zote zilitaja nchi ya jirani, maboksi yamechapwa upya vizuri kabisa. Ofisa akafungua jora moja, akalivuta hadi kwenye pindo, na maandishi ya Kichina yalikuwa yamechapwa pembeni mwa kitambaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyebishana.

Wengi hudhani hasara ya udanganyifu huu ni ya serikali peke yake. Sivyo. Takwimu ambazo wajumbe wa nchi za Jumuiya huziweka mezani wanapojadili ushuru, nani anaingiza nini na kwa bei gani, zinatokana na matamko yetu wenyewe. Mtu akiandika kwamba jora la Guangzhou limefumwa kwa jirani, jirani huonekana ndiye anayefurika soko letu, na kiwanda chake cha kweli hushukiwa bila kosa. Akishusha bei kwenye ankara, nchi huacha kuamini bei na kuanza kutoza kwa uzito, kama ilivyo kwa mitumba, ambayo ushuru wa pamoja wa Jumuiya umekuwa ukiitoza asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa kitambaa kizito cha bei nafuu, kutozwa kwa kilo ni msiba kwa muuzaji mwaminifu.

Tamko la uongo ni kosa la jinai ambalo adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000, mbali na mzigo kutaifishwa. Jina lililo kwenye tamko ni lako, si la wakala. Tena usidhani kwamba kontena likishatoka bandarini mambo yamekwisha: cheti cha uasili huweza kurudishwa kwa mamlaka iliyokitoa ili kihakikiwe, na ushuru uliopungua huweza kudaiwa ndani ya miaka mitano, wakati kitambaa kimeshauzwa na faida imeshaliwa.