Kwa nini jimbo la Claresholm linakumbukwa

Umeuliza kwa nini jimbo la uchaguzi la Claresholm, lililokuwa likipeleka mwakilishi katika bunge la mkoa wa Alberta nchini Kanada, linaendelea kutajwa ilhali limefutwa zamani. Jimbo hilo la wakulima na wafugaji, lililokuwa kusini mwa mkoa kati ya Calgary na Lethbridge, lilianza kupiga kura mwaka 1909, na miaka yake ya mwanzo haikuwa tofauti sana na ya majimbo jirani.

Sifa yake inatokana na uchaguzi wa Juni 1917, wa kwanza tangu wanawake wa Alberta wapate haki ya kupiga kura mwaka 1916, ambapo Louise McKinney, mwanaharakati wa kupinga pombe aliyesimama kupitia Non-Partisan League, chama cha wakulima, alimshinda mbunge Mliberali aliyekuwa akilishikilia jimbo hilo. Mwaka huohuo Roberta MacAdams naye alichaguliwa, lakini kwa kura za wanajeshi na wauguzi wa Alberta waliokuwa ng'ambo vitani, na kwa kuwa McKinney ndiye aliyetangulia kuapishwa, anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuapishwa kuwa mbunge katika Dola yote ya Uingereza.

Alishindwa mwaka 1921, lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa zaidi ilifuata baadaye: alikuwa mmoja wa wanawake watano ambao kesi yao, iliyoamuliwa London tarehe 18 Oktoba 1929, iliwafungulia wanawake milango ya Seneti ya Kanada.