Unatoka nchi ndogo na unataka mpira ukulishe? Soma hii kwanza

Madogo wengi wa nchi ndogo hawaambiwi kwamba jezi ya taifa kwao inakuja mapema sana halafu inaweza isiwapeleke popote. Unamkuta kijana hata miaka ishirini hajafika ameshakabana na mastaa wa Ulaya, picha anayo kwenye simu, kwao akipita mtaani watoto wanamfuata, lakini ukimuuliza klabu gani anachezea anaanza kuzunguka zunguka tu. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye mambo ya usajili, kujaza makaratasi, kusoma mikataba, kutuma video za wachezaji kwa klabu, na hawa wa nchi ndogo nimewasaidia wengi tu, kwa hiyo ninachoandika hapa ni nilichokiona.

Kuna dogo mmoja beki wa kushoto alinipa video yake akiwa na uhakika kabisa kwamba inamuuza. Dakika tatu zote ni mechi moja ya taifa dhidi ya timu kubwa, muziki juu, jina lake linawaka waka. Ukiangalia vizuri kila klipu inaanza mpira uko hewani kwenye boksi lao na inaisha mpira uko jukwaani. Anaokoa, anaokoa, anaokoa. Nikaituma kwenye klabu moja, jibu likarudi siku hiyo hiyo: tuletee mechi nzima za klabu yake, dakika zote, ikiwezekana za ugenini. Basi. Hata hawakuuliza mechi ile ilikuwa dhidi ya nani.

Na wana sababu. Timu ya nchi ndogo ikicheza na kigogo inakaa nyuma mwanzo mwisho, sasa skauti, yule anayesakia klabu wachezaji, atajuaje kama unaweza kuanzisha mashambulizi, kama unajua kupanda na kurudi, kama ukipewa mpira mguuni hutetemeki? Kwa straika ndo balaa zaidi, unaweza kumaliza mechi umegusa mpira mara za kuhesabu. Mchukue Mario Frick wa Liechtenstein, mechi 125 za taifa magoli 16, ukisoma namba peke yake utasema straika gani huyu, kumbe mwamba amecheza Serie A, ligi kuu ya Italia, akiwa na Verona na Siena. Waliomsajili walimuona kwenye klabu, wiki hadi wiki. Na Liechtenstein hata ligi yao wenyewe hawana, klabu zao zinacheza kwenye mfumo wa Uswisi, kwa hiyo kutoka nje kwao ni mwanzo wa kazi na wala sio zawadi ya mwishoni.

Ndo maana nasema kupata namba kwenye klabu ya kawaida kunakulipa kuliko benchi la klabu yenye jina. El Fardou Ben Nabouhane wa Komoro ni mfano ninaoupenda. Ugiriki alipita kwenye timu ambazo mashabiki wengi huku hawazijui, Veria, Levadiakos, ndo akafika Olympiacos, baadaye Crvena Zvezda ya Belgrade, na Agosti 2018 akawatungua Salzburg ya Austria mara mbili kwao, ikaisha 2-2, Zvezda wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Njia ndefu, lakini kila kituo alikuwa anacheza.

Kuhusu Uingereza, najua kila mtu anaitaka, naomba nikwambie ukweli mapema. Baada ya wao kutoka Umoja wa Ulaya, mchezaji wa nje anahitaji kibali kinachohesabiwa kwa pointi, na mechi za taifa zinakubeba kama nchi yako iko juu kwenye viwango vya FIFA. Nchi yako ikiwa nje ya 50 bora, mechi zako za taifa, hata uwe umecheza zote, hazikupi kibali cha moja kwa moja, inabidi pointi zitoke kwenye ligi na klabu unayochezea. Kuna nafasi chache maalum klabu zinaweza kutumia kwa wasiofikisha pointi, ila usijenge maisha juu ya hizo. Anza na ligi zisizo na masharti hayo. Na kama hujafika miaka 18, mtu akikwambia anakuhamishia nchi nyingine kesho kutwa mwambie akuonyeshe ni kipengele gani kinaruhusu, maana FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa watoto isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehama kwa shughuli zao ambazo hazihusu mpira. Wakala naye siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA, uliza, ni haki yako. Anayetaka hela ya "majaribio" kabla ya chochote, kimbia (hili nimeshalisema mpaka nimechoka).

Sasa suala la uraia, ambalo linawachanganya wengi. Kuna wenye mzazi wa taifa dogo na wamezaliwa taifa kubwa, wanasubiri tu taifa kubwa liwaite. Sheria ilivyo tangu 2020, ukicheza mechi zisizozidi tatu timu ya wakubwa, za kirafiki zikiwemo, na ya mwisho ya mashindano ukaicheza kabla hujafikisha 21, na hukucheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, unaweza kubadili baada ya miaka mitatu kupita tangu mechi ya mwisho, mradi uraia wa hiyo nchi mpya ulikuwa nao toka unacheza mechi yako ya kwanza rasmi ya taifa. Mechi za kirafiki peke yake hazikufungi. Kwa hiyo piga hesabu na umri wako, usiamue kwa presha za wajomba. Massimo Bonini alikuwa kiungo wa Juventus, bingwa wa Ulaya 1985, lakini ni mtu wa San Marino na alikataa kuchukua uraia wa Italia, na San Marino wakati huo hata uanachama wa FIFA haikuwa nao. Akaja kuichezea kuanzia 1990, miaka yake bora imeshapita. Mimi namheshimu sana kwa hilo, ila ujue lilimgharimu nini.

Upande wa pili kuna Roberto Lopes, kazaliwa Dublin, baba wa Cape Verde, kocha wa taifa akamwandikia LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, kwa Kireno, jamaa akaona ni matapeli akapotezea kwa miezi mingi. Oktoba 2025 Cape Verde wakafuzu Kombe la Dunia naye yumo. Kwa hiyo jamani someni meseji zenu.

Halafu kuna suala la kuwa na kazi ya pili. Huyo Lopes aliwahi kufanya kazi benki. Visiwa vya Faroe walipowafunga Austria 1-0 mwaka 1990 mfungaji alikuwa Torkil Nielsen, muuza mbao. Kipa wa Iceland aliyepangua penalti ya Messi 2018 ni muongozaji wa filamu. Sikwambii ukauze mbao, nakwambia mshahara wa ligi za chini unaweza kuchelewa au mkataba ukakatika kwa goti moja, na mchezaji mwenye kitu cha pili anasaini kwa utulivu, hasaini karatasi ya kwanza inayoletwa mezani.

Najua kuna wataosema kwani taifa lina faida gani basi. Lina faida, sana, hasa mkifika mashindano. Komoro wameingia FIFA 2005 tu, Januari 2022 wakawapiga Ghana 3-2 na kuwatoa AFCON, kisha dhidi ya Cameroon hawana kipa hata mmoja, beki wa kushoto Chaker Alhadhur akasimama golini, wakapungukiwa mtu mapema kwa kadi nyekundu na bado wakafungwa 2-1 tu, na M'Changama wao akafunga kwa frikiki ya mbali kweli kweli. Ile wiki macho yalikuwa kwao. Ila mashindano yakiisha, unahitaji klabu ya kurudi Jumatatu.

Na kwenye kurudi hapo ndo ugomvi wa kocha na mchezaji unapoanza, safari ndefu, ndege za kuunga, unafika umechoka na mwenzako kashachukua namba. Shirikisho lako linatakiwa kuandikia klabu angalau siku 15 kabla dirisha la kimataifa, zile siku zilizotengwa kwa mechi za taifa, halijaanza. Mashirikisho madogo mengi yanapiga simu tu kwa mchezaji, mara nyingine wiki hiyo hiyo, halafu wewe ndo unaonekana msumbufu mbele ya kocha. Usiombe ruhusa kwa mdomo, waambie shirikisho watume barua klabuni na wewe nakala yako ibaki kwenye simu, tarehe ya kuondoka na ya kurudi ziwe zimeandikwa.