Paka kaiba changu, mbona mtoto hacheki?

SWALI: Shikamoo shangazi. Kijana wangu ana miaka sita, dadangu kamletea kitabu cha mashairi ya kuchekesha cha Kizungu, kina michoro, basi akikifungua tu ni kujigaragaza kwa kicheko na maneno yenyewe wala hayaelewi vizuri. Na mie nikasema nimtungie cha Kiswahili. Nikaandika beti kumi za paka aliyeiba samaki aitwaye changu, mjombake akachora paka na samaki mdomoni. Nikamsomea ukurasa mmoja, akaniuliza mahamri yashaiva? Nimekosea wapi?
Mama Kijana, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Beti ulizonitumia nimezisoma na nimecheka, ila si pale ulipotaka nicheke. Ubeti wa kwanza ushasema paka ni mwizi, wa pili ati wizi ni dhambi, wa tatu watoto tahadharini, sasa hapo mtoto acheke nini, hiyo si hotuba? Na mchoro nao unarudia yaleyale.

Utamu wa vitabu hivi ni maneno yadanganye halafu picha iseme kweli. Hebu jaribu hivi:

Paka wetu Kibokoni,
Kajivalia miwani,
Changu hayuko sahani,
Asema, "Mie sioni."

Sasa mwambie mjombake achore paka kakaa barazani kwa adabu zake, gazeti kalishika juu chini, na kijimkia cha changu kinachungulia chini ya mkeka. Neno mwizi usilitaje hata mara moja. Mtoto atauona mkia mwenyewe, atakupigia kelele "Mama, huyo hapo!" na hapo ushampata.

Ndo maana wengi waliosifika kwa kazi hii walichora wenyewe. Edward Lear wa Uingereza alikuwa mchoraji wa ndege, 1846 akatoa kitabu cha vijishairi vya upuuzi mtupu, kila kimoja na kikatuni chake. Shel Silverstein wa Marekani naye mashairi yake alichora mwenyewe.

Mizani usicheze nayo, silabi nane kila mstari, soma huku wapiga meza, ukijikwaa wewe na yeye atajikwaa. Na maneno yawe mepesi jamani, "tahadharini" ya nini kwa mtoto wa miaka sita? Dr. Seuss, mwandishi wa watoto wa Marekani, kitabu chake cha 1960, kile cha mayai ya kijani, kina maneno 50 tu tofauti, kisa mchapishaji wake alimwekea dau kuwa hawezi.

Kuhusu kurasa, vya dukani aghalabu huwa 32 manake karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa 16, sasa mbili ndo hizo. Wewe chukua A4 nne, kunja kati, piga stepla, una 16 zako. Swali liishie ukurasa wa kulia, jibu alipate akifunua.

Ule ubeti wa dhambi msomee babake.